Yah: Mdogo Wangu Kuponywa Kupita Kiasi

Kwa Mheshimiwa Mshauri, chumba cha mwisho, Zahanati.

Baada ya salamu na heshima zote, mimi ni fundi cherehani, dada mkubwa wa yule seremala unayezungumza naye kila Jumanne. Alipoletwa kwako alikuwa halali usingizi, hali chakula, na randa yake imeota kutu. Sasa anakula, nashukuru. Lakini hatukukutuma umponye kiasi hiki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umemharibia salamu. Mtu akimuuliza habari, anajibu habari zenyewe! Sisi wengine tunajua kazi ya "nzuri": hata nyumba ikiungua, unasema nzuri kwanza, moto unafuata. Yeye juzi dukani kaulizwa hujambo, akajibu kwamba jana alilia kidogo, leo afadhali. Muuza mkate akabaki ameduwaa, mkate mkononi.

2. Miezi yote ile niliwaambia majirani anaumwa mgongo. Mgongo ni ugonjwa wa heshima. Wakaleta dawa za kuchua, na fundi bomba akawa anakuja kumkanda mpaka anapiga yowe. Sasa kawazungukia nyumba kwa nyumba kuwashukuru, na kuwaeleza kwamba mgongo ulikuwa mzima, kilichougua ni akili. Akili, Mheshimiwa! Kaitamka kwa sauti, kama mtu anayetaja goti. Fundi bomba hanisemeshi.

3. Anapumzika. Mchana kweupe anafunga karakana, anatembea hadi mwisho wa barabara, anarudi. Hakutumwa, hajabeba kitu. Nikimuuliza alikwenda wapi, ananiambia alikwenda kutembea.

4. Maradhi haya ya kusema kweli yanaambukiza. Wateja wangu walikuwa wakija kupimwa kiuno na kuondoka zao. Siku hizi nikimzungushia mtu tepu tu, anaanza kunimwagia ya moyoni. Mmoja kailowesha kola kwa machozi, ikabidi niipige pasi upya.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Jumamosi watu wanakuja kumposa binti yake, niliyemlea kwa mikono yangu. Baba wa kijana atauliza habari, kama binadamu yeyote. Mdogo wangu atajibu. Wataondoka chai haijapoa, na binti yetu ataambiwa ukoo wake una mambo. Naogopa, Mheshimiwa. Nasema kweli, naogopa.

Kwa hiyo naomba umrudishe alivyokuwa, hata nusu tu, mpaka harusi ipite. Ukishindwa, mfundishe walau neno moja: "sijambo".

Nisalimie manesi wote, mtu wa dirisha la dawa, mlinzi wa getini, na nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo.

Wako kwa heshima na hasira,
Dada wa Seremala

N.B. Barua imechelewa kutumwa, Jumamosi imeshapita. Baba wa kijana aliuliza, mdogo wangu akajibu yote, mpaka jina la dawa. Mimi nikatazama sakafu. Yule mzee akavua miwani, akasema mke wake hajatoka chumbani tangu mwaka jana, nao wamekuwa wakiwaambia watu kasafiri. Wakatokwa na machozi wote wawili kwenye viti vyangu vipya. Posa ikasahaulika hadi binti mwenyewe alipowakumbusha. Basi mdogo wangu usimguse, mwache hivyo hivyo. Jumanne nitamleta huyo mama. Mlango wako naujua: nimewahi kukishika kitasa, kwa shida zangu mwenyewe, nikageuka. Safari hii tuwekee viti viwili.