Mfumo Niliotaka Kuujua Peke Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika tangu saa mbili asubuhi na sijala. Mkurugenzi katuita sote kwenye chumba cha nadharia, chini ya mabango ya alama za barabarani, akatangaza kwamba Ijumaa atamteua msimamizi wa ofisi ya shule hii ya udereva. Amebakiza majina mawili. Langu na la Mama Miwani wa mapokezi! Mimi nina miaka kumi na moja hapa, yeye minne. Mimi ndiye karani mkuu wa kumbukumbu. Yeye anachapa kwa vidole viwili, tena huku akivitazama. Na ananiita mwanangu mbele ya wanafunzi. Nina miaka arobaini na sita!

Basi. Nimekula njama peke yangu. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni fundi wa kompyuta. Aliwahi kuniambia kwamba upo mfumo endeshi huria, yaani ile programu mama inayoiongoza kompyuta nzima, lakini ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Kompyuta zetu tatu ni kuukuu, zinajivuta, na kila asubuhi zinadai leseni. Nitazibadilisha zote. Mfumo mgeni, vitufe vigeni, na mjuzi mmoja tu: mimi. Ndani ya siku mbili watakuwa wananipigia magoti, Mama Miwani akiwa wa kwanza.

Jioni nilimpigia Shemeji simu. Akaniuliza kwanza watu wa ofisini wanatumia kompyuta kwa kazi gani, maana kwa mtu wa kawaida anayeandika barua, anayechapisha na kusoma barua pepe, mfumo ule unafaa kabisa. Nikamwambia sikumpigia anihubirie. Nilitaka usiofaa. Akacheka. Sijui alichekea nini.

Jumanne, 4 Machi

Mkurugenzi kakubali! Aliposikia ni bure hakuuliza la pili. Yule bwana ana mkono wa birika.

Nilihamishia kumbukumbu zote kwenye flashi yangu, hasa daftari la saa za mazoezi la wanafunzi arobaini na mmoja wanaotahiniwa Ijumaa. Bila saa ishirini zilizoandikwa, mtahini hamruhusu mtu kugusa usukani. Mchana nikampelekea Shemeji flashi hiyohiyo aniwekee mfumo. Akauliza mara mbili kama kuna kitu ndani, kwa sababu kitafutika. Mara mbili! Nikamwambia shemeji, mimi nilianza kushika kompyuta wewe ukiwa bado unavaa kaptula, fanya kazi yako. Akafanya.

Kufikia saa kumi na moja kompyuta zote tatu zilikuwa na mfumo mpya. Kila moja iliuliza kama ifute kila kitu. Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ile ya mapokezi nimeifanyia ziada: nimeficha vipicha vya programu, nimehamisha vitufe vya chini nikavipeleka ubavuni, na herufi nimezipunguza hadi zikawa kama mayai ya chawa. Mama Miwani, karibu sana.

Jumatano, 5 Machi

Sijawahi kudhalilishwa hivi.

Nilifika saa moja, nikakaa mezani kwangu nikimsubiri aje akilia. Saa mbili kimya. Saa tatu kimya. Saa nne nikaenda mwenyewe, nikijifanya natafuta stapla. Herufi kubwa kama za bango! Na kila kitu kwa Kiswahili! Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna mtu, mwanangu, alibonyeza tu kile kipicha cha gurudumu lenye meno, akakuta lugha yake imo, akaichagua, kisha akawa anasoma kilichoandikwa. Akawa anasoma! Mimi miaka yote nabonyeza bila kusoma, ndiyo utaalamu wenyewe.

Akaongeza kwamba mfumo wa zamani ulikuwa unamgombeza kwa Kiingereza, huu unaongea naye vizuri. Walimu wa udereva walikuwa wamemzunguka awaelekeze. Mwalimu wa Lori, mtu ambaye hata simu yake huwashiwa na mkewe, alikuwa anaandika ratiba ya wiki. Alinipungia mkono!

Mimi printa imenikataa. Nimeshinda kwenye kidirisha cheusi nikinakili amri nilizozikuta mtandaoni kwenye mabishano ya wataalamu. Mistari kumi na saba, na sijui maana ya hata mmoja. Baada ya ule wa tisa sauti ilikufa. Baada ya ule wa kumi na mbili kompyuta ikaamini tuko mwaka mwingine. Mama Miwani kachomeka waya, printa ikachapa. Nikaenda kumwambia Mkurugenzi kwamba mfumo huu ni hatari kwa watu wasio na mafunzo. Akasema mbona mama pale anachapa. Nilitoka bila kuaga.

Alhamisi, 6 Machi

Flashi haina kitu! Nimeichomeka, nimeichomoa, nimeipuliza, nimeifuta kwa shati. Umo mfumo, hakuna kingine. Nikampigia Shemeji kumwambia ameniua. Akanikumbusha kwamba aliniuliza mara mbili. Nikamwambia mtu mwenye nia njema huuliza mara tatu, nikakata simu.

Wanafunzi arobaini na mmoja, na hakuna hata saa moja ya mazoezi iliyobaki kwenye kumbukumbu. Yumo muuguzi ambaye keshapewa kazi ya kuendesha gari la wagonjwa, mradi afaulu kesho. Maji yalinifika shingoni. Nikafunga mlango, nikaandika orodha mpya kutoka kichwani. Kila mtu saa ishirini na mbili. Nilimpa hata yule kinyozi aliyegonga geti siku ya kwanza, akashuka, akaondoka kwa miguu na hajarudi hadi leo. Kisha nikampelekea Mama Miwani aichapishe, maana printa inamsikiliza yeye tu.

Akaisoma. Tatizo la yule mama ni kusoma. Akavua miwani, akaniuliza taratibu: mwanangu, na kinyozi naye?

Akafungua kabati, akatoa boksi la viatu. Kadi! Kadi za kila somo, zenye sahihi ya mwalimu na ya mwanafunzi, zilezile nilizoagiza Januari zichomwe kwa sababu ni mambo ya kale. Hakuzichoma. Amekaidi agizo langu la maandishi, na hilo nitalikumbuka. Akachana orodha yangu, akatia vipande mfukoni mwake wala si kwenye kapu la taka, akasema niketi nimsomee kadi, yeye aingize. Nikasoma kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja. Vidole viwili. Hakukosea hata mara moja. Nilimchukia kadi kwa kadi.

Ijumaa, 7 Machi

Mtahini kakagua orodha kwa dakika kumi, kasema hajaona kumbukumbu safi kama hizi mwaka huu. Muuguzi kafaulu. Kamkumbatia Mama Miwani! Na mimi niliyesoma kadi zake kwa sauti je?

Saa nane Mkurugenzi kamteua Mama Miwani. Kisha akanigeukia, akanishukuru mbele ya wote kwa kuwaletea mfumo ambao hata wasiojua kompyuta wanauweza. Wakanipigia makofi. Miaka kumi na moja sijapigiwa makofi, na yamekuja kwa jambo ambalo sikulikusudia hata kidogo! Nilitaka kupiga meza.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu yote, nikitegemea akasirike pamoja nami. Akauliza kama naelewa kwamba ile orodha ya uongo ingemfikia Mkurugenzi, leo ningekuwa sina kazi. Naelewa. Ndiyo maana nimekasirika! Mtu akikushinda unaweza kumchukia kwa raha zako. Akikushinda halafu akakusitiri, unamfanya nini? Mke wangu akasema naweza kuanza na asante. Nikamwambia chakula kinapoa.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari siku mbili na nimeona kosa lilipokuwa. Si kwangu. Mfumo ulikuwa mwepesi mno! Umetengenezwa na watu wanaowajali watu wa kawaida, sasa mimi ningefanikiwa vipi?

Nimempigia Shemeji, tumepatana. Nikamuuliza kama upo mwingine wa bure, mgumu kweli, usio na picha wala lugha ya binadamu. Akasita, akasema upo. Unaujenga mwenyewe kipande kwa kipande, skrini ni maandishi matupu, na mtu wa kawaida akiugusa anakoma. Akauliza kama mimi nitauelewa. Swali gani hilo! Nimeshaanza kuupakua. Kesho nitafika saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya msimamizi wetu mpya, niuweke kwenye kompyuta zote tatu.

Nimesoma maelezo yake kurasa mbili na sikuambulia kitu. Safi kabisa. Nisipouelewa mimi, nani atauelewa?