Magunia Manane ya Ukungu

Jumatatu, 9 Mei 1955
Mvua tena. Magunia manane ya mahindi yamefanya ukungu, kijani mpaka ndani. Ghala linavuja. Ningetandaza turubai ya serikali, lakini iko juu ya nyumba yangu, na mimi pia ni mtu. Ijumaa mahindi yanagawiwa kijijini, ya uji wa watoto yakiwemo. D.O., afisa mzungu wa wilaya, akijua, mimi karani Philemon nitarudishwa kwetu Maragoli bila kazi. Sikubali!

Jumanne, 10 Mei
Nimepata akili! Nimeyaosha yote mtoni. Yanang'aa. Jua hakuna, nikayarudisha ghalani yakiwa majimaji.

Jumatano, 11 Mei
Ukungu umezidi. Sasa yananuka pia. Nikayapaka jivu. Akaja Wachuka, anayewapikia watoto uji. Alitafuna punje moja, akaitema karibu na kiatu changu.

"Karani, hii mahindi hata kuku hawezi kula."

Nikamwambia nimesoma mpaka standadi siksi. Akauliza kama huko walifundisha kuonja. Dharau gani hii! Jioni nikawamwagia debe zima kuku wa Koplo Kefa, askari wa hapa, anayejigamba kwamba hapa Chaka nzima hakuna kuku kama wake. Wamekula mpaka wakachoka. Nikaenda kumwambia Wachuka. 

Ijumaa, 13 Mei
Kuku sita wamekufa. Wengine wamelala, mbawa chini. Kefa anadai wapiganaji wa msituni wametia sumu. Anataka kijiji kizima kifungiwe ndani, mtu asiende shamba wala mtoni, mpaka mwenye sumu ajitaje. Watu mia nne! Nilitaka kusema. Nikashika daftari nikajifanya naandika. Naona aibu sana. Wachuka akapita katikati ya askari, kuku mfu mkono mmoja, mahindi mkono wa pili, akaviweka mezani kwa D.O.

"Hii ndio watoto wangekula leo."

Jumamosi, 14 Mei
Kijiji hakikufungwa. Nami sikufukuzwa, maana karani mwingine hayuko. Ila mahindi yote yazikwe, na mchimbaji ni mimi. Wachuka alisimamia mpaka gunia la sita, kisha akaenda kupika uji wa mahindi mazuri. Mgongo unaniuma.

Jumapili, 15 Mei
Magunia saba yako ardhini. La nane liko chini ya kitanda changu. Watu wa huku hawajui mambo. Kwetu unga wa busaa, pombe yetu ya mahindi, huvundikwa mpaka uchachuke, na sijasikia aliyekufa. Wikendi ijayo busaa yangu itakuwa tayari. Nimemwalika Kefa, tusahau habari ya kuku. Ameshukuru mpaka nimemhurumia. Nitaonja mimi kwanza, kama mwenye nyumba yeyote mwenye adabu.