Mkaguzi wa Panga za Taa

Wekoye hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, na Wekoye hakuwahi kuvunja kitu ila ahadi. Yeye alikuwa mtu wa kuwasaidia wenzake kuachana na mali, na Jumamosi moja pale Kitale alipita kando ya ukumbi wa kanisa akawaona vijana kama ishirini waliohitaji sana msaada wa namna hiyo.

Walikuwa wanapigana kwa panga za taa, zile za kwenye filamu za watu wa angani: mpini wa chuma, na juu yake bomba la plastiki linalowaka buluu, jekundu au kijani. Walipigana kwa adabu, wamevaa kofia za pikipiki na glavu nene. Wekoye alisimama dirishani akauliza bei. Kijana mmoja akamwambia kwamba nyingine zimetoka ng'ambo, na ukikusanya kumi za aina hiyo unapata ng'ombe na chenji.

Hilo neno ng'ombe lilimchoma. Mzee Wangila wa Kabuchai, baba yake Sellah, msichana ambaye Wekoye alitaka kumwoa, alikuwa amesema wazi: mahari ni mtamba mmoja, ng'ombe ambaye hajazaa bado, aingie bomani kwa miguu yake kabla ya mwisho wa mwezi. Pesa hataki, maana pesa haikamuliwi. Asipoletwa, kuna mfanyabiashara wa mahindi wa Moi's Bridge ambaye ameshapita hapo mara mbili kusalimia, na mtu mwenye lori hasalimii boma mara mbili bure. Wekoye alimpenda Sellah. Lilikuwa jambo la pekee maishani mwake ambalo hakuwahi kulitia chumvi, na kila akilifikiria lile lori chakula kilimshinda.

Akakaa siku tatu kwenye saiba akisoma mtandaoni. Tumpe haki yake, alisoma kuliko alivyowahi kusoma shuleni. Akajua kwamba bomba la kupigania ni lile nene, la plastiki inayopinda kidogo na kurudi. Kwamba ncha iwe ya mviringo. Kwamba taa ikae ndani ya mpini, kwa sababu ikipangwa kwenye bomba pigo la kwanza linaizima. Na kwamba skrubu isitokeze ikachana mkono. Akajua pia kwamba bomba jembamba hupasuka na kuacha meno makali. Alipokwisha kuyaelewa hayo yote barabara, akayageuza miguu juu.

Jumamosi iliyofuata alirudi na koti jeupe la mitumba, ubao wa kuandikia, na stika alizochapisha mwenyewe. Akajitambulisha kuwa mkaguzi wa usalama wa vifaa vya michezo, kutoka ofisi ambayo jina lake alilitamka haraka sana. Kiongozi wa klabu alikuwa Kabura, msichana mrefu anayetengeneza simu mjini. Aliomba kuona kitambulisho. Wekoye akafunga kifungo cha juu cha koti, akamwangalia kwa masikitiko, na swali likafa lenyewe.

Akalaza tairi kuukuu mezani, akalipiga kwa kila upanga mara kumi huku ametega sikio. Zile nene alizishusha kwa nguvu zote, akatikisa kichwa.

"Hii ni ngumu mno, madam. Hii inavunja mfupa."

Zile nyembamba, ambazo vijana walijiundia kwa paipu za kupitishia nyaya za stima, alizigusisha kwenye tairi kwa upole wa mtu anayepapasa mtoto, akazisifia wepesi, akazibandika stika ya kijani iliyoandikwa IMEPITA. Panga kumi za ng'ombe na chenji zikaingia kwenye gunia, zikaharibiwe kwa mujibu wa sheria. Kabura akauliza kama wenyewe wanaweza kushuhudia zikiharibiwa. Akajibiwa kwamba wataletewa ripoti. Msichana wa watu akamshukuru, akamwekea chai na mandazi, na mkaguzi akala manne kwa niaba ya serikali.

Huko huko mtandaoni Wekoye alikuwa ameona kwamba Bungoma nako kuna klabu. Akafika huko bila koti, gunia begani, akamtafuta kiongozi wao, Abdishakur, kijana anayeishi karibu na msikiti na kuuza mifugo katika soko la Chwele pamoja na babake. Akamwagia sifa. Bomba nene, ncha ya mviringo, taa ndani ya mpini, unapiga mwaka mzima na hakuna wa kupelekwa hospitali. Na hapa lazima tukiri jambo la kushangaza: kila neno alilolisema Bungoma lilikuwa kweli tupu. Hata mwenyewe alishtuka kuona jinsi maneno yanavyotoka kwa urahisi mtu asipolazimika kuyatunga.

Abdishakur alichukua upanga mmoja, akaupiga kwenye mwimo wa mlango, akautazama mkwaruzo kwenye mpini kwa muda mrefu. Akaomba radhi, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Pesa sina, boss," akasema. "Lakini niko na mtamba. Tukutane Chwele siku ya soko."

Wekoye nusura ambusu. Siku ya soko alimleta Mzee Wangila mwenyewe, amevaa kofia yake ya kanisani, aje apokee mali kwa mkono wake. Mtamba alikuwa wa kahawia, ametulia, macho mazuri. Gunia likaenda kwa Abdishakur, kamba ikaja kwa mzee. Mzee akamfunua ng'ombe meno, akampapasa kiwele, akamzunguka mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamwita Wekoye mkwe.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja amevaa koti jeupe, ubao mkononi. Akasema yeye ni mkaguzi wa mifugo na huyu hajakaguliwa. Akampiga mtamba kofi mgongoni, akatega sikio. Akapiga tena. Akatikisa kichwa.

"Ana afya mno, mzee. Ng'ombe mwenye afya namna hii akipiga teke anavunja mfupa. Tunamchukua akaharibiwe kwa mujibu wa sheria. Mtaletewa ripoti."

Mzee Wangila, mtu wa kuheshimu serikali tangu ujana wake, alivua kofia, akainamisha kichwa, akaanza kurudisha kamba. Wekoye aliitazama ile kamba ikienda, mkunjo mmoja baada ya mwingine, na Sellah akiwa mwisho wake. Akinyamaza, amempoteza. Akisema, basi itabidi aseme yote.

"Baba, usimpe," akasema. "Huyo si mkaguzi."

"Na koti?"

"Koti ni la mitumba. Ukiwa na ubao na sura ya huzuni, hakuna anayekuuliza kitu."

Mzee aligeuka polepole. "Wewe umejuaje?"

Nyuma ya pikapu iliyokuwa karibu alijitokeza Kabura, plasta kwenye nyusi. Hakupiga kelele. Alieleza tu kwamba upanga wenye stika ya kijani ulipasuka mazoezini, kipande kikapita kidole kimoja kutoka jichoni. Abdishakur akaongeza kwamba ule mpini wenye mkwaruzo aliukwaruza yeye mwenyewe mwezi wa nne, klabu yake ilipokwenda Kitale kupigana na ya Kabura. Wekoye aliiangalia ile plasta, akaona aibu, aibu ya kweli, ambayo hakujua hata akae nayo vipi. Akaanza kueleza, tangu lile tairi hadi yale mandazi.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Gunia likapanda bodaboda pamoja na Kabura, mtamba akarudi zizini kwa Abdishakur, na yule mama, ambaye ni Khairunisa, dadake Abdishakur, akavua koti akaomba ruhusa aende, maana wanafunzi wake walikuwa wanamngoja.

"Nilikuja kuchukua ng'ombe mmoja," Mzee Wangila akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Huyo ni wa Sellah. Sasa kuna wa pili, wa kunivulisha kofia mbele ya mwalimu wa nasari." Akaivaa, akainyoosha. "Na mwezi sitauongeza hata siku moja."

Akaenda zake. Wekoye akamfuata Abdishakur hadi zizini, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kwao kuna kazi ya kuchunga, na kama mtu anaweza kulipwa kwa ng'ombe.