Cherehani Yenye Taa ya Mbele

Jumamosi, 3 Mei

Nimeiona! Nilimpelekea mjane mmoja gauni lake, na nyuma ya nyumba yake, chini ya mabati, kuku wawili walikuwa wamelala juu ya tangi. Pikipiki kama yangu ya ujanani. Yangu yenyewe niliiuza mwaka niliooa, lakini hii ni pacha wake: taa ya mviringo, ekzosi ndefu, tangi limevimba kama tikitimaji. Nikauliza kama inauzwa. Mjane akanitazama kwa huruma, akauliza kuku watalala wapi.

Tumeelewana. Akiba ya cherehani mpya imekwenda yote, na mapazia nitamshonea bure. Mke wangu hajui. Mambo mazuri hayataki haraka.

Jumapili, 4 Mei

Mke alikwenda kwa dada yake. Nikaileta. Kuileta maana yake kuisukuma. Tairi zimekufa zote. Nimeiingiza stoo na kuifunika kwa kitambaa cha mapazia ya mjane.

Aliporudi akauliza ni nini kile. Nikamwambia cherehani. Ya kushonea ngozi. Uongo mzuri sana, maana nayo ina gurudumu na inataka mafuta. Akafurahi, akasema ile ya zamani imechoka, na mimi pia nimechoka. Akanipakulia nyama ya kwangu na ya kwake. Nimekula yote. Dhamiri haikunisumbua, tumbo kidogo.

Jumanne, 6 Mei

Fundi pikipiki amekuja. Mtaani wanamwita Nati. Akaigongagonga, akanusa tangi, akatoa yai ndani ya taa. Akashauri tuanze na injini, rangi iwe mwisho. Nikamwambia mimi ni fundi nguo, najua kwamba mtu huonekana kwanza ndipo husikika. Alipoondoka nikapaka rangi nyekundu ya kupuliza.

Imependeza mno. Imependeza pia ukutani, kwenye paka, na kwenye suruali ya mwalimu mkuu iliyokuwa imetundikwa ikimsubiri. Alipokuja kuichukua nikamwarifu kwamba madoadoa ndiyo yanayovaliwa sasa. Ameivaa akaenda nayo. Elimu si kila kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Siku mbaya. Nati alisema kabureta ichemshwe kwa magadi. Sufuria nzuri kuliko zote ni ile ya wageni. Nikachemsha, nikaiosha sufuria, nikairudisha mahali pake.

Jioni akaja shemeji, mdogo wa mke wangu, kutuonyesha pikipiki yake mpya. Inawaka kwa kubonyeza kitufe. Kengele ya mlangoni nayo inabonyezwa, hatujisifu. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mke akachemsha chai, kwenye sufuria ileile. Shemeji akanywa, akatulia, akauliza kwa adabu majani haya yanatoka wapi. Mke akanusa kikombe. Akainuka, akaenda stoo moja kwa moja. Nikasikia kitambaa kikivutwa.

Akarudi, akaketi.

"Baba watoto," akasema, "cherehani ina taa ya mbele?"

Nikajibu kuwa ni ya kushonea gizani. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Hapo damu ikachemka. Nikatangaza kwamba Jumapili, ukoo utakapokutana kwa mama mkwe, nitampeleka dada yake kwa pikipiki hii, na tutafika kabla yake na kitufe chake. Mke akaimwaga chai yote uani.

Jumamosi, 10 Mei

Imewaka! Nati aliipiga teke, mimi nikaipiga teke, nayo ikanipiga teke. Nachechemea. Lakini iliwaka! Moshi ukatanda hadi majirani wakaja na ndoo za maji. Kisha ikazima. Nati akasema ringi za pistoni zimekwisha, tusubiri apate nyingine. Nikamwambia kilichowaka mara moja kimeshajua njia.

Kiti nimekishona upya mwenyewe, mishono ya kukunja, hakuna uzi unaoning'inia. Mke akaja akapitisha kidole juu ya mshono. Nikamwuliza kama anakumbuka tulivyokuwa: upepo, barabara, mtandio wake ukipepea. Akasema anakumbuka sana.

Nikajua nimeshinda.

Jumapili, 11 Mei

Mke alivaa gauni la bluu. Akapanda, akanishika kiunoni. Mtaa mzima ulikuwa milangoni. Nikapiga teke. Kimya. Tena. Kimya. Bahati nzuri mtaa wetu una mteremko. Tukateremka kwa fahari, kifua mbele, mimi nikipunga mkono. Mzee mmoja akawaambia wajukuu zake kwamba hii ni ya kisasa, haina kelele.

Kisha mteremko ukaisha.

Mke akashuka. Akavua viatu, akavitia kwenye mkoba, akaenda nyuma akaweka mikono mahali penyewe hasa, bila kuelekezwa. Nikamwomba radhi.

"Uchumba wetu wote nilikuwa nasukuma," akasema. "Nilikubali unioe siku uliyoiuza."

Miaka yote hii nilidhani ilikuwa sura yangu.

Shemeji akatukuta pale. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akampakia dada yake, akanifunga kamba, nikafika kwa wakwe nikivutwa kama mbuzi wa mnadani. Mama mkwe siku hizi haoni vizuri. Alitoka, akapapasa tangi, akapapasa taa, uso ukamchangamka kama aliyekutana na jamaa wa zamani.

"Mwanangu," akaniambia, "bado haijawaka?"

Ukoo mzima ulicheka. Hata mtoto wa kunyonya.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mke, pikipiki tumeiacha kwa mama mkwe. Njiani akanishika mkono. Akasema hana hasira, ila mgongo wake si ule wa zamani, na wangu nao umepinda kwa ile cherehani kongwe. Niiuze pikipiki, ninunue kitu cha kutulisha. Alisema kwa upole. Nikaahidi. Na niliahidi kwa moyo wote.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda kwa Nati kutangaza kwamba inauzwa. Akasema pikipiki isiyowaka hainunuliwi, na vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Ila anamjua kinyozi mmoja mwenye nyingine ya aina hiyohiyo. Ni mbovu zaidi, lakini ringi zake ni nzima.

Nikatafakari njia nzima. Mbovu moja ni mzigo. Mbovu mbili ni pikipiki. Ikiwaka ndipo itauzika, kwa hiyo hii ndiyo njia hasa ya kutimiza ahadi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaenda kwa kinyozi, tukapeana mikono. Nitamshonea makoti ya kazi mpaka aseme basi.

Jioni mke akaniuliza kama mnunuzi amepatikana. Nikamwambia amepatikana, mtu makini sana. Akafurahi, akanitengea maji ya kuoga.

Sikumwambia kwamba mnunuzi ni mimi.