Adapta Yenye Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeua adapta ya kishikwambi. Sikukusudia. Goti la kushoto linanisumbua, na ile adapta ikichomekwa ukutani hupata joto zuri. Nikaifunga gotini kwa skafu, nikajifunika blanketi, nikasinzia. Nimeamka na harufu ya ndala iliyoungua. Goti limepona, adapta imekufa.

Na binti yangu kajifungua huko ugenini! Jumamosi saa nne atatuonyesha mtoto kwa kishikwambi. Changu hakina chaji hata ya kufumbua jicho. Mama mzazi wa mkwe wangu, namwita Kengele kwa sauti yake isiyozibika, anakaa mlango wa tatu, na chake kimejaa pomoni. Nimemweleza shida yangu, goti sikulitaja. Kasema nisijali, sura ya mtoto atanisimulia. Mjukuu wangu mwenyewe, nisimuliwe kama habari ya mvua.

Jumanne, 4 Juni

Nina kikapu cha adapta. Situpi hata moja. Ya mashine ya ndevu ya marehemu mume wangu, ya taa iliyoibwa, ya kitu nisichokijua. Maandishi yake ni nyayo za sisimizi. Shule niliisikia kwa watu. Herufi kubwa nimejifundisha uzeeni, za sisimizi bado. Kipimo changu kimoja: ikiingia, imekubali.

Ile ya ndevu nikaijaribu kwanza kwenye redio, maana mimi si mjinga. Ikaingia kama pete kidoleni. Redio ikaimba nusu mstari, ikatoa moshi.

Fundi redio kanigombeza kwa adabu. Kasema adapta kazi yake ni kuupunguza umeme mkali wa ukutani uwe saizi ya chombo. Redio inataka volti sita, mimi nimeipa kumi na mbili. "Bibi, mtoto mchanga humpi mfupa autafune." Nikamjibu redio ile imemzidi umri. Adapta ya kishikwambi ataiagiza, itafika wiki ijayo. Wiki ijayo ya nini?

Alhamisi, 6 Juni

Kumwomba Kengele? Afadhali goti ling'oke. Nimekwenda kumsalimia tu. Adapta yake nyeupe, kaifunga uzi mwekundu. Ya simu yangu ya zamani nayo nyeupe, nilikuwa nayo upindoni mwa kanga. Alipoingia jikoni kuchemsha chai, zikabadilishana mahali. Chai yenyewe nyepesi, unaona mpaka chini ya kikombe. Nashukuru, ilinipunguzia huruma.

Jumamosi, 8 Juni

Kabla ya saa nne mlango ukagongwa. Kengele, kishikwambi kifuani kama amebeba mgonjwa. Kwa sauti ndogo, ambayo sikujua anayo, kasema chake kimezima, chaji haiingii, nimkaribishe aone hata sikio la mtoto. Nilikuwa nimemwandalia kicheko tangu juzi. Badala yake nikampa kiti chenye mgongo. Mimi nikakaa kwenye kigoda mbele ya soketi, niufiche uzi.

Mtoto akatokea. Uso kama ngumi iliyokunjwa. Kengele na mimi tukapokezana leso moja. Kisha akasema pua ni ya kwao. Nikamwambia pua ya kwao ingejaza kioo chote. Tukacheka mpaka mtoto akaamka analia, binti akatukatia simu.

Akiondoka kasema: "Mwenzangu, sogea hapo kwenye soketi, utaunguza mgongo. Uzi wangu niliukosa Alhamisi ile ile. Ungeomba tu, ningekupa." Na adapta akaniachia. Kasema Jumamosi ijayo binti atapiga tena, nikamtazamie mtoto nyumbani kwake Kengele, niende nayo.

Jumapili, 9 Juni

Nimelia kidogo, halafu nikala. Kengele ni mtu, asikwambie mtu. Adapta yake nitaitunza kama mboni ya jicho.

Baridi imeingia, na goti limeanza tena. Nimeichomeka adapta ya Kengele nione: ina joto la kiungwana kabisa, na uzi wake unatosha kuifungia gotini, skafu ya nini. Nimelitafakari lile kosa la Jumatatu nikaligundua. Blanketi lilikuwa zito mno.

Leo natumia shuka.