Vita vya Akina Mama Praygod na Ushindi wa Mkato Mmoja

Sikieni, enyi mlioshiba, nanyi mnaongoja sahani! Lazeni simu zenu kifudifudi, tulizeni watoto, niwasimulie vita vilivyopiganwa ukumbini Bagara, mjini Babati, siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi Kindness. Vita ambavyo upanga wake ulikuwa kidole kimoja, na damu iliyomwagika ilikuwa jasho la binti mmoja tu. Binti huyo ndiye Evelyne binti Alois, Mwenye Kope Zisizopepesa, Jemadari wa Kibodi, aliyesimama mbele ya kamati ya sherehe na kuzitangaza karatasi kuwa zimepitwa na wakati.

"Nipeni wageni wenu!" alinguruma. "Nitawapanga kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, majina yao yatang'aa ukutani meza kwa meza, waitwe kula keki, wala hataachwa mtu!"

Akajifungia chumbani, akaujenga ukumbi wote ndani ya kompyuta. Akaweka sanduku kubwa lenye mabano yaliyopinda mithili ya masharubu. Ndani yake safu ya meza. Ndani ya kila meza sanduku la wageni. Na humo kila jina likaandikiwa mtaa wake. Alipomaliza akajitazama kwenye kioo, akajipenda sana.

Siku ikawadia. Octavian mshereheshaji, Mwenye Koo la Shaba, akasoma ukutani: "Mama Praygod wa Bagara!" Vigelegele vikapaa, mama akacheza hadi mbele, akalishwa keki. Kisha likaitwa jina la mtu mwingine kabisa.

Ole wao! Kwani nyuma ya ukumbi alisimama Mama Praygod wa Bonga, mama wa ubatizo wa bibi harusi, Mshika Miiko, aliyepika tangu alfajiri. Alikuwa ameshajifuta mikono na kujifunga kitenge kipya. Alisubiri aitwe, hakuitwa. Basi akaufunga mlango wa stoo ya chakula, ufunguo akaupiga fundo kwenye pindo la kitenge, akakalia ndoo mbele ya mlango.

Evelyne akamwendea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lakini humu haitoki hata punje ya wali! Mimi niliyemshika Kindness kwenye maji ya ubatizo, mimi niliyemenya vitunguu mpaka nikalia kama nimefiwa, leo sina jina? Haya, huo ukuta wenu na uwapakulie!"

Harufu ya pilau ikapenya chini ya mlango. Wajomba wakaanza kuguna. Octavian akanong'ona, "Dada, fanya kitu. Nimebakiwa na pambio moja tu."

Evelyne akaifungua kompyuta, na aibu ikamshika. Wote wawili aliwaandika! Lakini ndani ya sanduku jina moja hukaa na mtu mmoja. Akija mwingine kwa jina lilelile, wa kwanza husukumwa nje kimya kimya, bila onyo. Bagara alikuwa amemkalia Bonga.

"Si uwaandike kwa majina yao ya ubatizo?" akashauri Octavian.

"Unayajua?"

Wakamkimbilia mume wa Mama Praygod wa Bonga, mzee Basil, wakamuuliza mkewe anaitwa nani.

"Mimi," akasema, "namwita Mama Praygod."

Hapo Jemadari akakunja mikono ya gauni. Mbele ya jina lile akafungua mabano ya mraba, akatandika safu ndani yake, benchi ambalo kila ajaye hukaa baada ya mwenzake bila kumsukuma mtu, akaketisha humo Bagara na Bonga. Akauamuru ukuta uite benchi zima. Akabonyeza.

"Mama Praygod wa Bagara!" akapaza Octavian. "Na Mama Praygod wa Bonga!"

Ukumbi ukalipuka. Mama wa Bonga akainuka kutoka kwenye ndoo, mkono ukaanza kulegeza fundo. Ghafla mwanamke mwembamba akainuka meza ya nyuma.

"Na mimi je? Kadi yangu ilichelewa kufika. Mama Praygod wa Sigino."

Vigelegele vikakatika. Mama Praygod wa Bonga akakaza fundo upya. "Siufungui mpaka mwenzangu naye aitwe!"

Wajomba wakafumba macho. Lakini Evelyne hakubomoa sanduku wala meza. Mwishoni mwa benchi aliweka mkato, akaandika Sigino, akabonyeza tena. Likaitwa! Akina mama wakalishwa keki wakiwa wameshikana viuno, ufunguo ukazunguka, na pilau likatoka kwa shangwe ya taifa lililokombolewa.

Enyi vizazi vijavyo, kumbukeni: mkato mmoja ulilisha ukumbi mzima!

Naye Mama Praygod wa Bonga akampakulia Evelyne sahani iliyofurika nyama, akamketisha kando yake.

"Kula, mwanangu. Ila nakuomba kitu kimoja. Ukija kuzaa, mtoto mwite jina lolote lile, lakini Praygod, hapana."

Evelyne akaapa hapohapo, mdomo umejaa wali.