Ombi la Kumpatia Mke Wangu Ugonjwa wa Heshima

Duane Aune,
Barabara ya Ziwani,
Torvik, Minnesota.

Kwa Mkurugenzi,
Zahanati ya Torvik.

Bibi Kuehl mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wenzako wote, na kwamba theluji ya juzi haikuwazibia mlango. Sisi huku hatujambo. Hilo ndilo tatizo lenyewe, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi si mtu wa kulalamika. Niliwahi kung'olewa jino kabla ganzi haijashika sawasawa, nikamwambia daktari kwamba si mbaya sana. Lakini safari hii maji yamenifika shingoni, na naomba uniruhusu nieleze jambo moja baada ya jingine.

1. Mke wangu Marlys alipimwa damu hapo kwenu Ijumaa asubuhi. Jioni, tukiwa mezani, simu yangu ikalia kwamba majibu yamewekwa kwenye tovuti yenu. Huwa naifungua mimi, kwa kuwa Marlys hapatani na nywila. Nikaona chembe nyeupe za damu ziko juu, na pembeni alama nyekundu ya mshangao. Nikapiga simu zahanati. Sauti ikaniambia mmefunga, nipige tena Jumatatu. Sasa, Bibi Kuehl, huu ni ustaarabu gani, kumtumia mtu alama nyekundu Ijumaa jioni kisha ninyi nyote mkaenda kuvua samaki kwenye barafu? Baadaye nilikuja kujua kwamba hata Daktari Maki alikuwa hajayaona majibu hayo. Niliyaona mimi kabla yake, mimi niliyestaafu ufundi wa matrekta.

2. Mtandao ulikuwa wazi. Nalisema hili kwa heshima zote, lakini ulinipokea vizuri kuliko ninyi. Haukuniuliza kadi ya bima wala haukuniweka kwenye kiti cha plastiki. Nilitaka tu kujua chembe nyeupe zikiwa juu maana yake nini, nao ukanijibu kwa ukarimu, ukurasa baada ya ukurasa. Ulianza na maambukizi madogomadogo, ambayo niliyaruka kwa sababu hayakuwa na uzito, ukaishia kwenye saratani ya damu. Kisha ukataja dalili. Uchovu: Marlys alikuwa amechoka, tena siku ileile aliyozoa theluji mlangoni kwa koleo. Kutokwa na jasho usingizini: analala na mablanketi matatu na soksi za sufu. Kukosa hamu ya kula: alilikataa ini nililompikia kwa mkono wangu. Kila dalili ilikaa mahali pake kama boliti.

3. Katika ukoo wetu hatumwambii mtu jambo zito usoni. Marehemu baba alimposa mama kwa kumuuliza kama angependa kuja kuliona ghala jipya la nafaka. Kwa hiyo sikumwambia Marlys. Nilimwambia shemeji yangu Arlo, kwa siri. Arlo naye akamwambia mchungaji, kwa siri, na Jumapili mchungaji akamwombea Marlys mbele ya kanisa zima, huku Marlys mwenyewe yuko nyumbani anapiga chafya. Tulikuwa hatujala chakula cha mchana wakati jirani yetu LaVonne Rasmusson alipogonga mlango, mkononi ana bakuli la tambi na nyama ya kusaga lililookwa na kufunikwa jibini.

"Pole, shoga yangu," akamwambia, machozi yanamlengalenga. "Wamekwambia ni lini?"

"Lini nini?" Marlys akauliza. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa najaribu kuingia stoo. "We Duane! Yaani nakufa, mji mzima unajua, mimi tu ndiye sina habari?"

Lawama ya jambo hili naiweka kwenu. Mngekuwa wazi Ijumaa jioni, nisingemwambia Arlo.

4. Jumatatu tulikuja. Daktari Maki alimchungulia Marlys kooni, akasoma majibu, akasema, "Mzee Duane, mama ana mafua." Basi. Msichana wa watu amesoma miaka yote ile kuja kunipa maneno matatu. Nikamwonyesha kurasa nilizochapisha. Akazipitia kwa adabu, akachomoa moja, akasema, "Mzee, hii ni ya farasi." Ni kweli ile moja ilikuwa ya farasi, lakini sioni kwa nini aliirudisha huku ameuma midomo. Marlys yeye hakuuma chochote. Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

5. Sasa tumefika kwenye aibu yenyewe. Habari ya mafua bado hatujamwambia mtu, na bakuli la LaVonne lilikuwa la kwanza tu. Friji limejaa, na mabakuli mengine yamepangwa gerejini, ambako kwa baridi hii yanaganda bila msaada wa umeme, kila moja lina jina la mwenyewe chini yake. Arlo anakuja na mashine yake ya kuzolea theluji kutusafishia njia ya gari kabla hajasafisha yake. Kwaya imemwachia Marlys kiti kilicho karibu na kipasha joto, kiti ambacho watu wamekigombea tangu nikiwa kijana. Hayo yote ningeweza kuyavumilia. Lakini LaVonne amempa Marlys siri ya ule mkate wake mwembamba wa viazi, siri aliyomnyima hata binti yake wa kumzaa. Alimnong'oneza sikioni, kwa imani kwamba Marlys ataondoka nayo. Bakuli naweza kulirudisha, lakini siri ukishaisikia unairudishaje? Marlys akipona mafua wiki hii, mbele ya LaVonne tutakuwa wezi. Uso nitauweka wapi?

Kwa hiyo, Bibi Kuehl, naomba rasmi zahanati yako imtafutie mke wangu ugonjwa. Sitaki makubwa. Usiwe wa kuua, usiambukize, na usimzuie kuimba. Uwe na jina refu ambalo Arlo hataweza kulitamka, maana asichoweza kukitamka hawezi kukisambaza. Ningependa upone taratibu, kufikia Pasaka hivi, ili watu waone sala zao hazikwenda bure. Mkikwama, nina kurasa nyingi za kuwasaidia, na ile ya farasi nimeitoa.

Nisalimie Daktari Maki, mwambie sina kinyongo. Nisalimie yule muuguzi wa kikohozi, dada wa mapokezi, na mumeo, ambaye nasikia alivua samaki mkubwa siku ileile ya Ijumaa. Marlys anawasalimu, ingawa hajui nawaandikia nini.

Wako anayesubiri jibu kwa subira,
Duane Aune

Baada ya sahihi: Nilikwenda kumwomba Marlys stempu. Nikamkuta kwenye kiti chake, sindano za kufuma zimemdondoka mapajani. Nikamwita. Nikamwita tena, na hapo kila nilichokisoma kikanitoka kichwani, nikabaki nimesimama tu na bahasha mkononi. Ndipo akafumbua jicho moja. "Unanitumbulia macho ya nini, mzee? Nimekufa tena?"

Bibi Kuehl, futeni ombi langu lote. Msimtafutie kitu, hata kidogo, hata chenye jina zuri. Yale mafua nayo, mkiweza, mwondoleeni. Nilikwambia naogopa aibu. Si kweli, naogopa nyumba hii bila yeye, na leo nimemwambia hivyo mwenyewe, usoni. Akanishika mkono, akasema na yeye anaogopa ini langu. Sasa anavaa koti twende kwa LaVonne, akaungame kwamba ni mzima. Na kama kanisa haliwezi kukaa bila mgonjwa, mwambieni mchungaji mimi goti la kushoto linanisumbua. Sijalisoma mtandaoni. Nitakuja nalo Jumatatu.